Kalamu ya jamaa: Kwa nini kilima hakina miti?



Mwezi huu ninajibu ulizo la musichana mumoja wa kundi la vijana. Alinijia kisha ibada, kaye mukononi, kaye iliyokunjwa-kunjwa sawa kitu ambacho mutu anatembea nacho kila siku bila kukionyesha. Akasema: «Baba Pasta, kama minatunga hadisi ya zamani yenye haikufika hata siku moja, ni bongo? Ni zambi?»

Nikamwuliza: hadisi ya namna gani? Akaeleza kwamba hasemi ile ya Kalulu na Fisi. Anasema ile inayoeleza kwa nini kitu fulani katika dunia kiko vile kiko. Tuiite hadisi ya asili. Nkambo zetu walikuwa nazo nyingi. Lakini yeye hakutaka kuandika ya nkambo. Alitaka kutunga yake mwenyewe, mupya, ambayo hakuna mutu amekwisha kuisikia.

Nilimwambia aketi. Nawe pia musomaji uketi, kwa maana ulizo hili si la mutoto mumoja. Vijana wengi wanaandika nyuma ya kaye zao za masomo, na wazazi wanaona ni kumaliza biki bure.

Kwanza juu ya zambi. Paulo alimuonya Timoteo juu ya hadisi za kizee. Mustari ule ninaujua. Katika shule ya Biblia mwalimu wetu aliutumia kutufunga kinywa kila mara mutu alipoanza kusimulia mambo ya kwao. Lakini soma pia Waamuzi sura ya 9. Yotamu alisimama juu ya mulima Gerizimu, akawasimulia watu wa Shekemu namna miti ilivyotafuta mufalme. Muzeituni ulikataa, mutini ulikataa, muzabibu ulikataa, na mwisho muti wa miiba ukakubali. Hakuna siku miti ilifanya mukutano. Watu wa Shekemu walijua hivyo, Yotamu alijua kwamba wanajua, na katika sura yote hakuna mutu anayemwambia: unasema bongo. Bongo ni pale unapotaka mwenzako aamini kitu ambacho wewe unajua si kweli. Hadisi inayosema waziwazi «mimi ni hadisi» haimudanganyi mutu. Paulo aliogopa wale wanaoweka hadisi mahali pa ukweli. Nitarudi pale, maana ni pale hatari iko, na mimi mwenyewe nilianguka pale.

Tukumbuke pia W. F. P. Burton, mumisionere wa Kiprotestanti aliyefika Mwanza, katika inchi ya Waluba, mwaka 1915. Alikuja kuhubiri, na alihubiri. Lakini alikusanya pia mezali na hadisi za Waluba kwa miaka mingi, na mwaka 1961 kitabu chake cha hadisi kilichapishwa kule Uingereza. Kama mugeni aliona hadisi zetu zinastahili karatasi, sisi tuone haya ya nini?

Basi tuje kwa kazi yenyewe.

Usianze na «Hapo zamani». Maneno hayo ni matamu, lakini mutu akiyaandika mbele ya kuwa na ulizo, anabaki kutazama karatasi mpaka mushumaa unakwisha. Anza na kitu ambacho jicho lako linaona kila siku, na ambacho mutoto wa miaka mitano angekiulizia. Kwa nini maji ya muto fulani ni mekundu? Kwa nini udongo unanuka vile siku ya mvua ya kwanza? Kwa nini jogoo anawika mbele ya mapambazuko? Musichana wetu alikuwa na ulizo lake tayari: kwa nini kilima cha shaba hakina miti?

Wale wanaokaa kwetu wanajua anachosema. Unatembea katika pori, miti upande huu na upande huu, na gafula unatokea mbele ya kilima kilicho wazi sawa kichwa cha muzee. Majani mafupi tu, na humo ndani maua madogo ya rangi ya buluu inayokaribia zambarau.

Mbele ya kutunga, jua ukweli wa kitu chako. Wengi wanafikiri kinyume; eti mwenye kutunga hana lazima ya kujua, atajaza mwenyewe. Si hivyo. Shaba ikiwa nyingi katika udongo ni sumu kwa mizizi ya miti mingi, ndiyo sababu kilima kinabaki wazi. Kuna mimea michache inayoweza kuvumilia. Mumoja wataalamu wanauita Haumaniastrum katangense, na watu wengine wanasema tu «ua la shaba». Watafuta-madini walilitumia kama alama ya kuonyesha mahali shaba ilipo, na wale wanaochimbua mambo ya kale waliliona likiota hata pale ambapo wazee waliyeyusha shaba miaka mingi iliyopita. Yaani moto umezimika, wenyewe wamekufa, lakini ua linakumbuka mahali.

Tena wazee wetu waliijua shaba mbele ya kompanyi yoyote. Union Minière ilianzishwa mwaka 1906, na tanuru yake ya Lubumbashi ilitoa shaba ya kwanza mwaka 1911. Lakini pale Kalukuluku, mahali ambapo wazungu walipaita baadaye Étoile, wenyeji walikuwa wamechimba zamani. Wakati wa kiangazi, kisha kuvuna mutama, mafundi walipanda kilima, wakachimba jiwe la kijani, wakajenga tanuru kwa udongo wa kichuguu, wakapuliza mivukuto mpaka shaba ikashuka nyekundu. Wakaimwaga kwa umbo la musalaba (musichanganye na musalaba wa Bwana wetu, huu ulikuwa feza). Kwa misalaba ile watu walinunua vitu na kuoa wake. Katika makaburi ya Sanga, karibu na ziwa Kisale, yaliyofukuliwa kuanzia mwaka 1957, misalaba ya shaba ilikutwa pamoja na wafu, na ni ya karne nyingi mbele ya muzungu wa kwanza kukanyaga huku.

Ninakaa sana juu ya jambo hili kwa sababu ni hapa hadisi za vijana wetu zinakuwa zaifu. Wanaandika joka la vichwa saba walilolitazama katika video. Nilimwambia musichana: hesabu vitu ulivyo navyo tayari. Kiangazi. Kichuguu. Jiwe la kijani ambalo ndani yake munatoka kitu chekundu. Ua linalobaki pale kila muti umekimbia. Mutu mwenye vitu hivi ni tajiri, ataenda kukopa joka la nini? Mwandishi wa Ayubu sura ya 28 alijua kazi ya machimbo kabisa: giza la chini, watu wanaoning'inia mbali na wenzao, shaba inayoyeyushwa kutoka jiwe. Kisha kuonyesha kwamba anaijua kazi, ndipo aliuliza hekima inapatikana wapi. Kama angeanza na hekima tungelala usingizi.

Sasa, soma na kusikiliza hadisi za wazee, lakini usiibe. Ninatoa mufano wa hadisi kubwa ya Waluba. Nkongolo Mwamba alikuwa mufalme mwekundu, mukali, aliyekula mbele ya watu na kucheka kinywa wazi. Akaja Mbidi Kiluwe, mwindaji kutoka mashariki, mutu wa adabu, ambaye alikula kwa kujificha. Huyu alizaa mutoto na Bulanda, dada ya Nkongolo, na mutoto ndiye Kalala Ilunga. Kijana alipokuwa shujaa, Nkongolo akashikwa na wivu. Akachimba shimo, akasimamisha mikuki ndani yake, akalifunika kwa mukeka, akamwalika kijana aje kucheza ngoma pale juu. Lakini mupiga ngoma akamuonya kwa mulio wa ngoma. Kalala Ilunga akatoroka, akavuka Lualaba kwenda kwa baba yake, akarudi na jeshi, na Nkongolo akakatwa kichwa. Na hata leo upinde wa mvua Waluba wanauita nkongolo.

Angalia vizuri ginsi imejengwa. Ufalme muzima unageuka juu ya namna mutu anavyokula bukari yake! Mutungaji mubaya angeandika kwamba Nkongolo alikuwa mubaya na Mbidi alikuwa muzuri, basi. Hadisi hii haikusema hivyo. Imeweka sahani mbele yetu, tukaona wenyewe. Wafalme wa Waluba walikula kwa siri, na hadisi inaonyesha desturi hiyo ilitoka wapi. Angalia pia nani anaokoa: mupiga ngoma, mutu wa kuajiriwa kwa karamu. Hiyo ndiyo unaweza kuchukua, namna ya kujenga. Lakini ukimuchukua Nkongolo mwenyewe ukamupa jina lingine, wazee watakutambua katika mustari wa pili.

Na usichanganye na hadisi za Kalulu. Nazo ni nzuri, ninazipenda mimi. Lakini Kalulu anamudanganya Fisi leo, na kesho anamudanganya tena, dunia inabaki vile ilivyokuwa. Katika hadisi ya asili kitu kinageuka na hakirudi. Kilima kilikuwa na miti, sasa hakina. Kama mwisho wa hadisi yako dunia iko sawa na mwanzo, umetunga hadisi ya Kalulu bila Kalulu.

Halafu, kila mutu wa hadisi, hata kama ni jiwe, awe na kitu anachokitaka. Wawe wachache, wawili watatu. Na anayetaka kitu alipe bei. Hapa ninaomba tuende polepole.

Musichana alirudi kisha juma moja na hadisi yake ya kwanza. Kilima ndani yake muna nyoka. Nyoka anachunga shaba. Watu wanaitaka shaba, na nyoka anasema: nitawapa, lakini kila mwaka munilipe mutu mumoja. Ilikuwa imeandikwa vizuri, mwandiko safi. Nilisoma mpaka mwisho, nikajua kwa nini kaye ilikunjwa vile. Yaya wake alikuwa mumoja wa vijana wanaochimba kwa mikono. Alibaki chini ya udongo miaka miwili iliyopita.

Nilimwambia ukweli wangu, na ninauandika hapa kwa sababu wasomaji wengine wanaujua.

Zamani kidogo, katika kartiye ambayo sitaitaja, shimo lilianguka wakati wa mvua na vijana wakabaki ndani. Mbele hata maiti hazijatolewa, hadisi ilikuwa imefika sokoni: kwamba ndani ya kilima kuna nyoka, kwamba nyoka anaomba watu, kwamba kuna mutu anayemupelekea majina. Ilikuwa hadisi nzuri, ninasema kweli. Ilikuwa na mwanzo, ilikuwa na nyoka, ilieleza kila kitu. Siku ya tatu ikapata jina: muzee mumoja mwanamuke, mujane, aliyeuza makala. «Ule muzee njo anakula batu.» Walivunja nyumba yake. Alipona kwa sababu wamama wawili wa kanisa walimuficha. Mimi nilikuwa muchungaji pale. Hadisi ile niliisikia siku ya kwanza, nikanyamaza, nikizani ni maneno ya soko tu. Muzee yule alihamia kwa mutoto wake mahali pengine, na deni lake bado liko kwangu.

Ndiyo sababu ninasema: ndani ya hadisi yako mwenye kulipa awe mutu wa hadisi. Asiwe jirani. Asiwe mujane, wala mutoto wa kambo, wala mutu mwenye macho mekundu juu ya moshi wa mbabula. Hadisi ya asili ina nguvu kuliko habari, kwa maana inasema «ndivyo ilivyo tangu mwanzo», na mutu akiisha kuamini kwamba ndivyo ilivyo tangu mwanzo, haulizi tena. Hivyo pia isiseme kabila gani lilikuwa la kwanza kwa inchi na kabila gani ni la wageni. Mwaka 1992 na 1993 mimi nilikuwa mutoto, lakini sikusahau ndugu zetu wa Kasai waliofukuzwa Likasi na Kolwezi, na kituo cha treni kilichojaa jamaa na magodoro yao. Hadisi za nani-alikuja-kwanza zilifanya kazi yao pale.

Utaniambia: lakini Yotamu alimunyooshea Abimeleki kidole. Ni kweli. Lakini Abimeleki alikuwa ameua ndugu zake mbele ya inchi yote, jambo lilijulikana, na Yotamu kisha hadisi alitaja jina lake waziwazi na akataja alichokifanya. Hakumuficha ndani ya miti ili watu wabahatishe. Tena yeye ndiye alikimbia, mutu mwingine hakukimbizwa juu yake.

Musichana akaniuliza: «Na yaya wangu, Baba Pasta? Ye alilipiaka nani?»

Nilimwambia kwamba hakumulipia mutu. Shimo linaanguka kwa sababu udongo umeshiba maji, kwa sababu hakuna magogo ya kushikilia kuta, kwa sababu watu wamechimba chini ya watu, kwa sababu mwenye haraka ya feza ametuma wengine kushuka mvua inaponyesha. Mambo hayo yanaulizwa kwa majina yake mbele ya wakubwa, na hadisi isitumike kuyafunika. Kama anataka kumulilia yaya wake, amulilie. Biblia imejaa vilio. Lakini asimupe nyoka.

Akachukua kaye yake, akaenda. Nilizani hatarudi.

Alikuja kisha majuma matatu. Hadisi ninaiandika hapa kwa ruhusa yake na ya mama yake. Nimesahihisha herufi tu.

«Kilima kilikuwa na baridi. Kila jioni ya mwezi wa sita jua lilishuka nyuma yake, na kila jioni kilima kilisema: Jua, lala hapa. Jua likasema: Siwezi, ninangojewa upande mwingine. Kilima kikasema: Basi uniachie kipande. Jua likasema: Nitakuachia, lakini mwenye kuficha moto chini ya mukeka hatabaki na mukeka. Kilima hakikusikia vizuri, kwa maana meno yake yalikuwa yakigongana. Kikasema: Leta.

Jua likavunja kipande cha pembeni, kile chekundu cha jioni, likakisukuma ndani. Usiku ule kilima kililala usingizi kwa mara ya kwanza.

Usiku wa pili miti ikasema: Mizizi yetu inaungua. Kilima kikasema: Ngojeni mvua. Mvua ikaja. Moto haukuzimika, uligeuka kijani kwa inje tu. Basi miti ikakusanya mizizi yake mikononi, sawa mwanamuke anavyoshika nguo yake akivuka muto, ikashuka bondeni mumoja mumoja. Kilima kikaihesabu mpaka wa mwisho.

Asubuhi kikaona ua moja mugongoni mwake, mizizi yake mifupi sawa kidole cha mutoto. Kikaliuliza: Wewe huungui? Ua likasema: Ninaungua kidogo kila siku, ndiyo maana rangi yangu ni ya moto wa makala usiku. Kilima kikasema: Nenda na wenzako. Ua likasema: Nikienda, nani ataonyesha watu mahali ulipo?

Kisha watu wakaja na mivukuto. Wakasema: Kilima, tupe moto wako, tutakulipa nini? Kilima kikasema: Mimi nililipa miti yangu yote. Chukueni. Imekwisha kulipwa.»

Musomaji, nilipofika pale niliweka kaye juu ya meza. Unajua mimi ni muchungaji. Mistari mitatu ya Biblia ilikuwa imekuja kinywani, na sura, na hata wimbo. Biki ilikuwa mukononi. Nilitaka kuandika pale chini: «Nasi vilevile, wapenzi...»

Hiyo ndiyo ugonjwa wetu, sisi watu wa mimbara, na ninawaonya vijana wasiuambukizwe. Hadisi ikiisha, nyamaza. Kama umeijenga vizuri, mutu atafika mwenyewe pale ulitaka afike, na pengine mbali zaidi. Ukimushika mukono mpaka mulangoni, ataona tu mukono wako. Nilirudisha biki mufukoni. Nilimwuliza jambo moja: neno la mwisho la kilima lilitoka wapi? Akasema: «Sijue. Nilikuwa nafula nguo, likakuja.»

Angalieni hata alichokifanya na ukweli. Shaba ni nyekundu ndani na kijani inje, na ni maji na hewa vinavyoifanya kijani. Hadisi inajua hivyo. Ua lina mizizi mifupi na rangi ya buluu. Miti ya bondeni kweli iko bondeni. Mutu wa jeolojia anaweza kuisoma bila kukasirika, na mutoto wa miaka mitano pia. Na nyoka amekwenda. Mwenye kulipa ni kilima chenyewe, kwa mali yake, siku ile ile ya kwanza, wala hakuna deni lililobaki kutafutiwa mutu.

Maneno machache ya upesi kwa wale wanaotaka kujaribu. Majina: kama unahitaji jina, litoke katika luga ya nyumbani kwenu na liwe na maana, lakini angalia kwamba hadisi hii haina jina hata moja na hakuna aliyelikosa. Urefu: kurasa mbili za kaye zinatosha, kisha hapo unaongeza maji katika sombe. Maneno ya «labda» na «inasemekana» yaondoe yote. Kilima kilikuwa na baridi, basi, wala si «pengine kilikuwa na baridi». Na usieleze mambo mawili katika hadisi moja. Mwanzoni yeye alitaka kueleza pia kwa nini muto ni mwekundu. Nilimwambia muto ungoje hadisi yake.

Lililo kubwa kuliko yote, isome kwa sauti. Hadisi ya asili haikuzaliwa kwa karatasi, ilizaliwa kando ya moto, na sikio linashika makosa ambayo jicho linayapita. Mutafute nkambo, ao mutu yeyote asiyekuogopa. Usimusomee rafiki anayekupenda. Yeye alimusomea nkambo wake jioni, mbabula katikati, mahindi yakichomwa. Nilikuwepo, nilikuwa nimekuja kuwasalimu. Nkambo alisikiliza akigeuza mahindi. Pale penye miti kukusanya mizizi sawa mwanamuke anayevuka muto, alicheka peke yake. Nikajua mustari huo hautaguswa. Lakini pale mwanzoni alimusimamisha: «Weye mutoto, jua lilimuambia habari ya mukeka, na ye hakusikia. Sababu ya baridi tu?» Ndiyo, nkambo. «Hm. Baridi ya mwezi wa sita, minaijua. Endelea.»

Mama yake alikuwa mulangoni, amesimama, kitambaa begani. Tangu kifo cha mutoto wake mwanaume hakuwa anaketi na watu jioni. Hadisi ilipokwisha hakusema neno. Sisi pia hatukusema. Nkambo aligawa mahindi.

Kisha mama akauliza kutoka pale pale mulangoni: «Lile ua, lilikuwa mwanaume ao mwanamuke?»

Musichana akatazama kaye yake. Hakuwa amefikiri jambo hilo. Akasema: «Mama, sijue bado», akaanza kutafuta biki yake.